Nusu Saa ya Hafswa na Mkono Wangu wa Kulia

Jumatatu, 7 Julai

Dhuluma! Leo nimeiona dhuluma kwa macho yangu mawili mazima. Mwalimu Kahonzi, anayesimamia mitihani shuleni kwetu, ametangaza utaratibu wa mtihani wa mwigo wa kidato cha nne. Sote tunapewa muda ule ule. Sote isipokuwa Hafswa. Hafswa ana nusu saa ya ziada. Ana chumba chake, ile maabara ya zamani yenye upepo. Ana karatasi yenye herufi kubwa utadhani bango la duka. Kisa, macho yake hayaoni vizuri.

Nikainua mkono nikauliza, kwa adabu kabisa, kama na mimi nitaongezwa chochote, maana kichwa changu nacho hakioni vizuri. Darasa zima likacheka. Hafswa akacheka kuwashinda wote. Mwalimu Kahonzi akasema mimi nimeongezewa miaka minne na bado sijaitumia. Kisha akarudia lile lake la kila muhula, kwamba mwandiko wangu ni wa kuku aliyepita kwenye matope.

Wao wanacheka. Mimi Mbaruk wa Mambrui sina nafasi ya kucheka. Mjomba Abdulqadir ameapa mbele ya Mama kwamba nikipata chini ya C+ katika mtihani huu, likizo ikifika ananichukua Gongoni nikafanye kazi chumvini. Yeye ni msimamizi wa vibarua huko. Nimeiona mikono ya vibarua wake. Ngozi imepasuka, na chumvi inaingia humo humo kwenye mipasuko. Mikono yangu mimi ni laini, na nataka ibaki laini.

Lakini nimepata akili.

Jumanne, 8 Julai

Mpango ni huu. Mtahiniwa aliyevunjika mkono wa kulia hupewa vyote: nusu saa, chumba, na juu yake mwandishi. Mwandishi! Wewe unasema, mtu mzima anaandika. Naye atakuwa mtu aliyesoma. Nikisema upuuzi, si atarekebisha? Hakuna msomi anayeweza kuvumilia kuandika makosa kwa kalamu yake mwenyewe. Basi navunjika mkono.

Si kweli, hasha. Navunjika kwa maneno tu. Hospitali nimeitoa kwenye mpango kwa sababu kuna picha ya mifupa, na picha haibembelezeki. Nimebaki na mzee Gona, fundi wa kuunga mifupa, njia ya Magarini. Yeye hana mashine, ana vidole tu.

Wakati wa mapumziko nikajitupa kwenye ngazi za chumba cha walimu, nikapiga ukemi. Nilianguka vibaya nikaumia goti kwelikweli. Hakuna aliyeuliza habari za goti.

Jumatano, 9 Julai

Tumekwenda kwa mzee Gona, mimi na Mama. Mama alilia njia nzima. Nilimwonea huruma, nikakaribia kumwambia. Nikajizuia.

Nikamwamkia mzee shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, akaushika mkono. Vidole vyake vikapanda, vikashuka, vikasimama. Mbuzi wake waliokuwa wakilia nje wakanyamaza. Akaniuliza kama umevunjika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena. Nikasema ndiyo mzee, wallahi umevunjika. Ile wallahi iliniponyoka tu.

"Haya," akasema. "Mimi nafunga kile ambacho mwenyewe amesema kimevunjika."

Akafunga. Majani ya moto, vijiti, kitambaa cheusi kutoka kiwikoni hadi kwenye kucha. Kisha akatoka, akarudi na jogoo kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Akamvunja mguu. Mbele yangu, kwa vidole viwili, bila haraka. Akaufunga mguu ule kwa kitambaa kile kile na fundo lile lile. Ndiyo desturi yake, jogoo na mgonjwa wanarudi nyumbani pamoja. Siku jogoo atakapotembea sawasawa, mkono nao umepona, ndipo ufunguliwe. Kabla ya hapo mkono usifunguliwe, na jogoo asiguswe.

Nimeufungua jioni hii ili niandike haya. Nisipoufungua niandike na nini? Jogoo yuko uani. Alinitazama dirishani kwa jicho moja mpaka nikavuta pazia.

Ijumaa, 11 Julai

Ushindi! Mwalimu Mkuu wetu, Bi Waruguru, ni mtu asiyecheka wala kuchekesha. Alitaka kujua kwa nini sikupelekwa hospitali. Mama akamweleza kwamba mzee Gona ndiye aliyeunga nyonga ya marehemu babu, na babu alitembea mpaka akafa. Bi Waruguru akautazama ule mkono mweusi, akakubali, lakini kwa mtihani huu wa mwigo tu. Nimepewa nusu saa. Nimepewa maabara ya zamani, pamoja na Hafswa. Na mwandishi atatoka shule nyingine, Kilifi, anaitwa Bwana Mwenda.

Mwalimu Kahonzi akaniita pembeni kunieleza kanuni. Mwandishi huandika analolisema mtahiniwa. Hapunguzi, haongezi, harekebishi. Nikaitikia. Moyoni nikasema tutaona.

Hafswa aliniambia pole. Kisha akainama mpaka pua ikakaribia kitambaa, maana ndivyo anavyotazama vitu, akauliza naumia wapi hasa. Nikasema kote. Akauliza mbona basi jana alinisikia nikipiga meza kwa mikono miwili wenzangu walipokuwa wakiimba. Msichana haoni ubao lakini anasikia dhambi za watu! Nikamwambia atazame mambo yake.

Jumapili, 13 Julai

Mjomba Abdulqadir ametufikia kutoka Gongoni bila taarifa, uso umekunjamana. Mama hana kitoweo. Yeye anahangaika, mimi nawaza. Mjomba akishiba huwa mtu mwingine. Na yule jogoo amenichosha. Kila nikiufungua mkono, yuko dirishani. Nikiandika, anainamisha kichwa upande, kana kwamba anasoma.

Nikamwambia Mama kwamba mzee Gona ameturuhusu kumchinja. Mama akasita. Nikamwambia mkono umeshaanza kushika, nausikia kabisa. Akanitazama kidogo, akachukua kisu.

Kuku wa nazi, tui zito, wali mweupe. Mjomba akalegea, akacheka, akanipa paja kwa mkono wake, lile lile la mguu uliofungwa, kwa kuwa mimi ndiye mgonjwa. Tamu! Nikautafuta ule mvunjiko nione ulivyo. Haukuwepo. Mfupa mzima, mweupe, hauna hata ufa. Nikaunyonya mpaka mwisho.

Naandika haya baada ya Magharibi. Vidole vina baridi. Labda ni tui.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika kwa kushoto. Taabu. Wa kulia hautaki. Alfajiri niliufungua nitawadhe. Ukalala pajani kama si wangu. Nikaubana, sikusikia kitu. Nikaufunga tena nikaenda, maana mtihani haungoji mtu.

Maabara ya zamani. Hafswa ameshaanza, pua iko kwenye karatasi. Mwalimu Kahonzi akanipa yangu, akatoka kukaa varandani. Huko anachunga sisi na darasa la wenzetu kwa pamoja. Ndipo Bwana Mwenda akaingia. Kwa mlango wa nyuma. Mlango huo nilidhani umepigiliwa misumari.

Mwembamba. Shati jeupe. Kola inampwaya kwenye shingo ndefu nyekundu. Anachechemea mguu mmoja. Hakusalimu. Akakaa upande wangu wa kulia, karibu mno, akainamisha kichwa, akanitazama kwa jicho moja. Akangoja.

Nikasema, akaandika. Haraka ajabu! Swali la pili sikulijua, nikamnong'oneza aniokoe. Akaandika. Nikamtania kwamba mkono ulikuwa mzima, nawazuga tu hawa. Hakucheka. Akaandika. Nusu saa yangu ya ziada ilipofika sikuwa na la kusema, na niliogopa kukaa kimya naye. Nikahesabu vigae. Hafswa aliitumia yake yote hadi kengele, anafuta machozi na kuendelea.

Jumanne, 15 Julai

Baada ya karatasi ya leo nilikwenda kwa mzee Gona peke yangu. Nilimkuta anafagia. Nikamwambia mkono umekufa.

Akauliza jogoo yuko wapi. Nikasema ameliwa. Akauliza mguu aliula nani. Nikasema mimi. Mzee akaweka ufagio chini, akanawa mikono polepole, akaifuta. Nikamuuliza sasa nifanye nini.

"Mngoje atembee," akasema.

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia kwamba ameliwa, mzee, tumemla na wali. Akasema amenisikia tangu mara ya kwanza. Akachukua ufagio wake.

Uzee jamani! Nilirudi nyumbani kwa miguu nikageuka nyuma mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Alhamisi, 17 Julai

Mitihani imekwisha. Nina matumaini makubwa. Bwana Mwenda amejaza kurasa kuliko nilizowahi kujaza maisha yangu yote, hakika amerekebisha. Halafu leo hakuchechemea sana. Nikamwambia naona mguu unapata nafuu. Akaandika.

Tulipotoka, Hafswa akaniuliza ni nani aliyekuwa akiniandikia. Nikashangaa. Bwana Mwenda, nani mwingine? Humsikii akiingia, mtu anaburura mguu vile? Hafswa akasimama. Akasema hajasikia mtu yeyote akiingia wiki nzima. Amenisikia mimi nikizungumza peke yangu. Na kitu kikichakura upande wangu wa kulia, kama kuku kwenye mchanga mkavu.

Nikamwambia masikio nayo yanachoka. Lakini sikupita tena karibu na maabara. Nilizunguka kwa nyuma ya choo.

Jumatatu, 21 Julai

Yamenifika maji ya shingo. Bado naandika kwa kushoto na nina mengi.

Nimeitwa ofisini, na Mama pia. Bwana Mwenda alipiga simu Jumatatu ile asubuhi kwamba anaumwa. Hakufika. Hakuondoka Kilifi wiki nzima. Ujumbe ulimfikia katibu, haukumfikia Mwalimu Kahonzi, naye alipopata karatasi zangu zimejaa hakuuliza. Sasa ameuliza.

Akazisoma kwa sauti. Mbele ya Mama! Swali la kwanza: ngoja kwanza, hili niliwahi kuliona, basi andika mvua, mvua haikosi kuwemo. Swali la pili: hili silijui, niokoe bwana, wewe umesoma, weka chochote cha maana. Swali la tatu: we Hafswa, umeandika nini hapo, alaa, hajibu, ana kiburi huyu. Mkono wenyewe mzima, nawazuga tu hawa. Yote! Kila nilichosema, mpaka kukohoa ameandika nakohoa. Na mwandiko ni wangu. Mwalimu Kahonzi akasema mwandiko ule angeujua hata gizani, amekosana nao miaka minne.

Nikasema si mimi, wallahi. Bi Waruguru akaagiza kitambaa kifunguliwe. Mama akakifungua mwenyewe. Vidole vyangu vilikuwa vya buluu. Wino, mpaka kwenye vifundo, bado mbichi. Na chini ya kucha, mchanga.

Bi Waruguru akaniambia nishike kalamu. Nikajaribu, Mungu ni shahidi. Mkono ukabaki juu ya meza. Wakanitazama nikilia, wakadhani huo nao ni mchezo. Mara ya kwanza mwaka huu nasema kweli, na hakuna hata mmoja aliyeniamini. Hata Mama.

Alama zangu zimefutwa. Novemba nitafanya mtihani wa taifa kama mtu yeyote. Na Bi Waruguru akaongeza jambo. Shule haitapeleka tena ombi lolote la mtahiniwa maalumu, maana hajui sasa nani mgonjwa na nani mwigizaji. Na Hafswa? akauliza Mwalimu Kahonzi. Akasema Hafswa alikuwa chumba kimoja na mimi siku zote na hakusema kitu.

Jumatano, 23 Julai

Hafswa amekuja nyumbani na babake. Nilijificha jikoni, Mama akanitoa kwa sikio. Babake hakuketi. Hafswa alikuja mpaka karibu yangu, karibu vile anavyotazama vitu, na mara hii kitu chenyewe kilikuwa mimi.

"Wewe ulikuwa unaitaka nusu saa yangu," akasema. "Unajua naifanyia nini? Naitafuta mistari niliyoipoteza. Nikimaliza kuitafuta, ndipo nakuwa sawa na nyinyi."

Niliona haya, nakiri. Ilinikaa mpaka chakula cha usiku.

Babake akaeleza. Bi Waruguru amekubali kitu kimoja. Mimi niandike ukweli wote, kwamba Hafswa hakuwa na habari, na karatasi imfikie kesho asubuhi. Hapo atapeleka ombi la Hafswa. La sivyo, Novemba Hafswa atafanya kwa herufi ndogo na muda wetu sisi. Mama akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

Alhamisi, 24 Julai

Nilijaribu jana jioni kwa kushoto. Ilitoka minyoo. Basi nikakaa mezani, nikaweka karatasi upande wa kulia, na kalamu, na kiti. Nikasema, haya bwana, kama unakuja njoo. Nilisema kwa mzaha.

Mlango wa uani ukafunguka. Kola ile, shingo ile. Mguu unagusa chini vizuri sasa.

Nilikuwa nimepanga maelezo ya heshima, lawama zote kwa mzee Gona. Nikaanza. Mzee Gona ndiye aliyenidanganya. Ngoja, futa, yule mzee atanisikia. Sema ni jogoo. La, mwache jogoo. Hafswa hakujua kitu, hilo kweli, hilo liache. Nilijitupa ngazini mwenyewe kwa sababu namwonea wivu tangu kidato cha kwanza, lakini hilo usiliandike. Na hofu ya chumvi. Nalo usiandike.

Sikuikagua. Mwandiko wangu mwenyewe siwezi kuusoma. Asubuhi nikampa Bi Waruguru, akaisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema katika miaka yake yote ya ualimu hajawahi kupata maelezo ya kweli namna ile. Ombi la Hafswa limekwenda. Hafswa alikuwa mlangoni. Akaniambia ahsante, bila kucheka.

Nimefurahi, nisiseme uongo. Lakini nimemkanya Bwana yule kuhusu kanuni. Nikisema usiandike, asiandike.

Jumapili, 3 Agosti. Gongoni

Hii naisema tu, nimeketi mezani, nimeegemea ukuta wa kibanda cha Mjomba, na mwandishi wangu anaandika. Raha iliyoje! Mjomba alinileta kama alivyoapa, akanipa reki ya kukusanyia chumvi, akauona mkono ulivyoning'inia. Akaniweka kivulini. Kazi yangu ni kuita majina ya vibarua asubuhi na jioni. Nawapita wote jua linapowachoma, naenda kukaa.

Wananung'unika. Kahaso, mama mmoja anayebeba magunia na mgongo wake mbovu, alisema mbele ya wote kwamba si haki, kijana mzima kukaa kivulini na yeye hajawahi kupewa hata kiti. Nilimwambia wivu ni ugonjwa mbaya. Asitazame cha mwenzake, mimi nina hali maalumu.

Sasa Novemba. Nimeshafikiri. Huku chumvi ni nyeupe kupita kiasi, inaumiza macho ya mtu. Nani atabisha yangu yakiumia? Mwenye macho mabovu anapewa herufi kubwa na msomaji. Mwandishi ninaye tayari, simlipi chochote. Nikipata na msomaji, mimi kazi yangu itakuwa kukaa tu. Wiki ijayo nakwenda kwa mzee Gona anifunge macho. Nitasema wallahi, maana naona ndiyo inayomridhisha. Kuku wake wa safari hii nitamtunza vizuri, sitamla haraka.

Na habari njema kuliko zote, Bwana Mwenda amekuja leo bila kuchechemea hata kidogo. Alivuka ua wote akitembea sawasawa. Si ndivyo alivyosema mzee, nimngoje atembee? Basi nimepona! Hata sasa nakiona kidole gumba kinasogea. Vyote vinasogea. Mkono wangu huo, mezani, umeshika kalamu. Lakini mimi siusogezi. Bwana? Mbona kiti chako kitupu? Futa hapo. Basi, imetosha, mwisho wa leo. Weka kalamu chini. Nimesema mwisho. Hata hili usiliandike. Hata hili.